Nani Atabaki na Mbwa

Binti yangu alipiga simu Jumapili baada ya ibada, nikiwa bado na viatu vya kanisani, akaniambia anamtaka mbwa. Nikamwuliza mbwa yupi. Akasema, "Mbwa wetu, mama. Nataka umtume huku." Huku maana yake ni Ujerumani, anakofanya kazi ya uuguzi, mwaka wa tano sasa. Mimi niko Izigo, wilaya ya Muleba, kwenye kibanja cha marehemu mume wangu, katikati ya migomba na mibuni. Nilikaa kizingitini nikavua kiatu kimoja, nikasahau kuvua cha pili, nikazunguka hivyo mpaka mchana.

Mimi si mtu wa kuchanganyikiwa ovyo. Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na mitatu, na darasa lenye watoto themanini nilijua nani ametupa chaki hata nikiwa nimegeukia ubao. Lakini habari hii ya mbwa ilinipiga chenga tangu neno la kwanza. Mtoto aliye ughaibuni huomba vitu vinavyoeleweka. Wenzake huomba senene wa kukaanga, kahawa ya kutafuna, kitenge. Wengine huomba mama zao waende kuwalelea wajukuu. Wangu akaomba mbwa.

Na mbwa mwenyewe si wa kubeba kwapani. Ni dume la kahawia lenye mgongo mweusi na masikio yaliyosimama, na akiinuka kwa miguu ya nyuma anakuwekea ya mbele mabegani. Mume wangu alimpata akiwa mdogo kutoka kwa padri mmoja, akambeba ndani ya kapu hadi nyumbani, akampa binti yetu aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza chuo. Wakamlea wawili hao kwa maziwa na matoke yaliyopondwa. Baada ya mwaka mume wangu akafariki, tukamzika hapa hapa kibanjani. Baada ya mwaka mwingine binti akapata kazi yake. Nikabaki na mbwa.

Alinisaidia kwa mengi. Alilinda kahawa iliyoanikwa, aliwazuia mbuzi wa watu, na alinipa jibu. Kila mwaka binti aliniambia, "Mama, njoo utembee, hata miezi mitatu tu," na kila mwaka nilimjibu, "Nitakujaje, mwanangu? Nani atabaki na mbwa?" Lilikuwa jibu zuri, halimuumizi mtu. Kwetu mtu mzima hamwambii mwenzake sitaki. Atasema mguu unamsumbua, atasema anatarajia mgeni. Mimi nilisema mbwa, nasi tukaongea mengine.

Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia mtu. Kila simu ya binti yangu ilianza na mbwa. Amekula? Amepona sikio? Mwonyeshe kwenye video. Krismasi ya mwaka wake wa pili alikuja, na wa kwanza kukumbatiwa hakuwa mimi. Nilikasirika kidogo, kisha nikajifunza kitu: maadamu mbwa yuko Izigo, binti ana sababu ya kurudi Izigo. Nilimlisha yule mnyama kama mtu anayetunza amana. Sasa amana inaombwa. Akienda mbwa, nilijiambia, binti amehama kweli, na mimi nitakuwa mama wa kwenye simu mpaka nife. Hicho ndicho nilichokiogopa miezi yote ile, na usoni nilionyesha kwamba naogopa makaratasi tu.

Makaratasi nayo yalitosha kumtia mtu wazimu.

Daktari wa mifugo alitoka Kanazi na pikipiki. Alipomwona mbwa alibaki juu ya pikipiki yake, injini ikiunguruma, mpaka nilipomfunga mnyororo. Akamchanja chanjo ya kichaa cha mbwa, akajaza cheti, akagonga muhuri, tukanywa chai. Nilidhani tumemaliza. Nikapiga picha cheti nikamtumia wakala wa kusafirisha wanyama, mwanamke wa Entebbe ambaye binti alimpata mtandaoni. Kwa nini Entebbe? Kwa sababu ndege zinazotua Bukoba ni ndogo, na mtu wa pale uwanjani alipopima mlango wa mizigo kwa futi na kusikia urefu wa mbwa, aliikunja futi yake. Kwa hiyo mbwa angepita mpakani Mutukula kwa gari mpaka Uganda, apande ndege kubwa huko. Mbwa wa Izigo, anakwenda Ulaya, anaanzia Uganda. Nilichora ramani nyuma ya daftari ili nielewe.

Wakala akajibu kwamba cheti hakifai. Chipu huwekwa kwanza, chanjo baadaye. Chipu ni kidude cha ukubwa wa punje ya mchele, kina namba ndani yake, husukumwa kwa sindano chini ya ngozi ya shingo. Chanjo iliyotangulia namba haihesabiki, kwa sababu wale wa Ulaya hawawezi kuwa na hakika kwamba aliyechanjwa ni mbwa huyu na si mwingine. Nikamwandikia kwamba mimi nilikuwepo na nilimshika kichwa. Akaniandikia kwa adabu kwamba ushahidi wangu haukubaliki.

Tukaagiza chipu Dar es Salaam. Daktari akarudi, akaweka chipu, akachanja upya, safari hii akiwa amevaa buti za mvua na glavu za kuchomea vyuma. Tukangoja mwezi. Akarudi tena kuchukua damu, ikasafirishwa kwenye barafu hadi maabara ya nje, ili waone kama chanjo imeshika. Halafu wakala akasema tungoje miezi mitatu. Fomu nazo zikaja kwenye simu. Aina ya mbwa? Nikaandika: mbwa. Ikarudishwa. Nikaandika: mbwa mkubwa. Wakala akanipigia akicheka, akasema ataandika mchanganyiko, nami nikaona hilo neno linanifaa zaidi mimi.

Ile miezi mitatu niliihesabu kuanzia siku majibu ya maabara yalipofika. Niliweka alama kwenye kalenda ya kanisa, msalaba mdogo kwa kila siku. Nikiwa katikati wakala akaniambia, hapana mama, inahesabiwa kutoka siku ya kutoa damu. Nikahesabu upya kwa kidole. Wiki tano zikafutika pale pale. Nilikuwa nimezipanga zile wiki. Nilitaka tuvune naye mahindi. Niliketi mbele ya kalenda nikamkasirikia yule mwanamke wa Entebbe, ambaye hakuwa na kosa lolote.

Ikabaki boksi. Vipimo vililetwa na wakala: mbwa asimame bila kichwa kugusa juu, ageuke, alale amejinyoosha. Fundi seremala wangu yuko Hamugembe, mtu wa mbao safi na maneno machache. Nilimpa vipimo, akavisoma mara mbili, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, huyu ni mtoto?" Nikamwambia ni mbwa. Akasema pole, kisha akagundua kwamba mbwa hajafa, akasema hongera. Alizoea kupewa vipimo vya aina moja tu.

Boksi likaja alasiri moja ya mvua nyepesi, wiki tatu kabla ya safari. Nilikuwa nyuma ya nyumba nikikata majani makavu ya migomba. Nikasikia mwanamke analia barabarani, kilio chenyewe, si kilio cha kugombana. Nikaangusha kisu nikajiuliza nani amefariki. Nilipotokea mbele ya nyumba niliona pikapu inaingia polepole, nyuma ina kitu kirefu kilichofunikwa turubai, vijana wawili wamekishika huku na huku. Nyuma ya pikapu watu. Wanaume wameacha majembe. Wanawake wameweka mikono kichwani. Jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, mwanamke wa umri wangu, alikuwa na mkungu wa ndizi kichwani, na wasichana wawili walibeba mafungu ya nyasi, zile tunazotandika sakafuni watu wakija kukaa na wafiwa.

Jirani akanishika mabega akalia kwa Kihaya, mama yangu, jamani. "Maawe, waitu, pole. Pole Mwalimu wetu. Mungu ametoa."

Sikuelewa. Nikamwuliza nani. Akalia zaidi. Mwanamume mmoja akavua kofia akasema kwamba wamemrudisha nyumbani, na hilo ndilo la kushukuru.

Kilichotokea ni hiki. Dereva alisimama kwenye maduka kuuliza njia. Wakamwuliza anapeleka nini, akasema anapeleka kwa Mwalimu mzigo wa binti yake wa Ujerumani. Dereva hakusema uongo. Watu wakaangalia urefu wa turubai, wakaangalia vijana walivyolishika kwa uangalifu, wakafunga maduka. Kwetu hakuna anayeuliza maswali zaidi ya hapo. Anachukua mkungu anakwenda.

Sasa nitasema jambo ambalo nalionea aibu. Boksi nililiagiza mwenyewe. Vipimo nilivipeleka mwenyewe. Nilijua ni la mbwa, na mbwa mwenyewe alikuwa anabweka uani kama mwendawazimu. Lakini nilipoona watu wote wale wanalia, na mimi nikalia. Nilidhani wanajua kitu ambacho mimi sijaambiwa. Nilidhani labda huwa hivyo, mama huambiwa mwisho. Wakanikalisha kwenye ngazi, nikatafuta namba ya binti.

Simu iliita muda mrefu. Akapokea. "Mama? Niko zamu. Kuna nini?"

Sikuweza kumwambia kuna nini. Nikamwambia, "Nilitaka kujua kama umekula."

"Nimekula, mama. Nitakupigia." Akakata.

Nikawageukia watu nikawaambia kwamba amekula. Mwanamume mwenye kofia akaivaa, akaivua tena. Kisha dereva, ambaye muda wote alisimama na karatasi yake akingoja mtu wa kuweka sahihi, akavuta turubai, na boksi likaonekana: mbao mpya, mlango wa wavu wa chuma mbele, matundu mfululizo pembeni. Jirani yangu akalizunguka lote akachungulia ndani. "Sasa waitu," akasema, "maiti gani anahitaji madirisha?"

Alicheka mmoja, kisha wote, wengine machozi yakiwa bado shavuni. Nikawaeleza habari ya mbwa, kuanzia chipu. Sidhani kama nilieleweka. Mzee mmoja aliuliza mara tatu mbwa anakwenda kufanya kazi gani. Nikasema haendi kufanya kazi, anakwenda kuishi. Akauliza kama huko hawana mbwa. Nikasema wanao. Akanitazama kwa huruma zaidi kuliko alivyonitazama aliponidhani mfiwa. Mkungu ulikuwa umeshafika, haurudishwi, tukamenya tukapika tukala wote. Na zile nyasi, kwa kuwa hazirudishwi nazo, jirani yangu akazitandika ndani ya boksi, nene, akazisawazisha kwa viganja kama anavyotandika sebuleni kwake mkesha wa Krismasi. Alisema msafiri hawezi kulala kwenye mbao tupu. Nilimwona ana akili sana.

Wakala alikuwa amesema mbwa azoee boksi kabla ya safari. Mbwa hakutaka hata kulikaribia. Nilimwekea nyama ndani, akanyoosha shingo akaichomoa bila kuingiza mguu. Jirani akashauri tumnyweshe pombe ya ndizi. Wakala akasema mbwa aliyeleweshwa kwa chochote hapandishwi ndege. Siku ya tano nikachoka. Nikavua khanga ya juu, nikapiga magoti nikaingia mwenyewe, ili aone kwamba hakuna simba humo. Nikiwa ndani, nimejikunja juu ya nyasi, nikimwita, mbwa akaja. Hakuingia. Akalala mlangoni, mwili wote, akanifungia.

Nikamwambia ondoka. Akatikisa mkia. Nilikaa humo mpaka mzee wa kanisa alipopita na kitabu cha michango, akasimama, akasalimia, "Shalom, Mwalimu," nikamwitikia kupitia matundu. Aliweka kitabu chini akamvuta mbwa kwa mkanda wa shingo, nikatoka na nyasi kwenye nywele. Lakini tangu siku hiyo mbwa alianza kuingia, na wiki ya pili alilala humo kwa hiari yake, pua kwenye nyasi. Sijui alifikiri nini. Labda alifikiri ni nyumba yangu.

Tuliondoka alfajiri na dereva yuleyule aliyetuletea boksi na msiba. Mutukula mbwa alikuwa na makaratasi mazuri kuliko mimi. Yeye alikuwa na namba, kibali, cheti cha afya, majibu ya maabara kutoka nje. Mimi nilivuka kwa karatasi ya muda yenye picha niliyofumba jicho moja. Afisa alipekua faili la mbwa ukurasa kwa ukurasa, akaniuliza, "Anakwenda kwa nani?" Nikasema kwa binti yangu. "Na wewe?" Nikasema mimi nasindikiza tu. Akagonga muhuri. Sijui kwa nini swali lile lilinikaa njia nzima.

Tulifika Entebbe saa saba mchana. Wakala alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti nzuri, tofauti kabisa na nilivyomchora kichwani, na alinikumbatia. Kwenye ghala la mizigo mkaguzi akaja na tochi, akaangalia chupa ya maji, akaangalia skrubu za mlango. Kisha akaingiza mkono akatoa nyasi kidogo, akaziinua mbele ya macho yangu.

"Hii ni nini?"

"Nyasi."

"Za nini?"

Nikatafuta namna ya kumweleza. Nikasema ni za kumtandikia. Akatikisa kichwa. Nyasi haziingii Ulaya, akasema, zina mbegu na wadudu na magonjwa ya mifugo. Boksi halipokelewi. Wakala akafumba macho kidogo, akaniambia kwamba aliniandikia matandiko ya kunyonya mkojo, akadhani nimeelewa. Nikasema nyasi zinanyonya. Akaangalia saa. Ama tuondoe nyasi zote, hata unyasi mmoja usibaki, tufute boksi, mkaguzi arudi kabla hawajafunga mapokezi ya mizigo, ama mbwa arudi nyumbani tupange tarehe nyingine. Na tarehe nyingine, alisema, si kitu cha wiki ijayo. Cheti cha afya kitakuwa kimepitwa.

Sitaficha. Nilifurahi. Furaha ilinipanda ghafla mpaka nikaogopa kwamba wataiona. Si mimi niliyekataa. Serikali mbili zimekataa. Ningerudi Izigo na mbwa wangu, ningemwambia binti kwamba tulijaribu, nyasi zimetuangusha, na yeye angesikitika, na Krismasi ingekuja, na angepanda ndege yeye. Dereva alishaanza kukunjua turubai.

Simu ikatetemeka. Ulikuwa ujumbe wa binti. "Mama nimeomba ruhusa kazini kesho. Nimenunua bakuli lake. Nimeliweka mlangoni kama nyumbani." Na picha: mlango mweupe, sakafu inayong'aa, bakuli jekundu tupu. Hakukuwa na kitu kingine kwenye picha, wala kiti wala kiatu cha mtu mwingine. Niliitazama ile sakafu kwa muda. Miaka mitano niliiwaza nyumba yake imejaa vitu na watu, na mimi peke yangu ndiye niliyebaki na ua mtupu.

Nikamtoa mbwa, nikampa dereva mnyororo. Nikavua khanga ya juu, nikapiga magoti, nikaingia ndani ya boksi kwa mara ya pili.

Nyasi zilikuwa zimeshikamana kwenye pembe na kwenye vichwa vya skrubu. Nilizitoa kwa mafungu, kisha kwa vidole, kisha moja moja kwa kucha. Nilizijua zile nyasi. Zilikatwa kwa ajili ya kumlilia binti yangu, nami sasa nilikuwa nazing'oa ili apate kitu cha kufurahia, na mimi mwenyewe nilikuwa nimetamani dakika chache zilizopita kwamba asikipate. Nililia humo ndani, mtu mzima, huku wafanyakazi wa mizigo wakipita na vitoroli. Wakala aliniletea kitambaa chenye dawa, nadhani alikuwa anakileta kwa ajili ya mbao. Nikafuta uso kwanza, halafu mbao.

Mkaguzi akarudi, akamulika kila pembe, akakubali. Wakala akatandika matandiko meupe. Niliogopa kwamba mbwa hataingia, kwa sababu harufu ya nyasi imeondoka. Aliingiza kichwa, akanusa muda mrefu pale nilipokuwa nimepiga magoti, akaingia, akageuka, akalala akinitazama. Wakafunga wavu. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia, kwa Kihaya, kwa sababu ndiyo lugha yake. Nikasahau yote. Nikamwambia abaki salama, kumbe yeye ndiye anayekwenda.

Njia ya kurudi dereva alijaribu kunichekesha na habari za ule msiba, akaona sicheki, akaacha. Nyumbani nilifika nikamwaga mabaki ya matoke pale pale lilipokuwa bakuli lake. Nilifanya hivyo siku mbili mfululizo, kuku wa jirani wakaja kuyala, na hakukuwa na wa kuwafukuza.

Siku ya tatu binti akapiga kwa video. Mbwa alikuwa amelala kwenye ile sakafu inayong'aa, amekonda kidogo, akipumua vizuri. Binti alikuwa anacheka na kufuta macho kwa mkono wa sweta. Akanisimulia mbwa alivyomtambua kabla hata boksi halijafunguliwa, alivyolia kama mtoto, alivyomlamba mpaka masikioni. Nilifurahi, kweli nilifurahi, na kifua kikaniuma palepale, nikashindwa kujua ni kipi kilitangulia.

"Sasa mama," akasema, "mbwa ameshafika. Wewe unakuja lini?"

Nilidhani sijasikia vizuri. "Mimi?"

"Si ulisema kila mwaka huwezi kuja kwa sababu hakuna wa kubaki na mbwa? Nikawaza sana, mama. Nikaona basi, nianze na mbwa."

Nikashika simu kwa mikono miwili. Miezi tisa. Chipu, damu kwenye barafu, boksi, msiba, Mutukula, kucha zangu zilizovunjika kwenye skrubu. Mimi nilidhani mwanangu anakata kamba ya mwisho inayomvuta nyumbani. Yeye alikuwa ananifungua mimi. Amekaa miaka mitano na watu ambao wakisema mbwa maana yake ni mbwa, naye amenisikiliza hivyo hivyo.

Nikaangalia uani nikatafuta jibu jingine. Mahindi yalikuwa yameshavunwa. Kahawa ilikuwa imeshauzwa. Nikaangalia kibanjani, kule kwenye saruji nyeupe kati ya migomba. "Nani atabaki na baba yako?" nikasema.

Akasema polepole, "Baba halishwi, mama."

Hakusema kwa ukali. Mbwa alikuwa amesikia sauti yangu, akaja kunusa simu, na kioo chote kikawa pua nyeusi yenye maji. Labda ni kwa sababu sikuona uso wa binti yangu wakati ule ndiyo maana niliweza.

"Mwanangu," nikamwambia, "naogopa. Naogopa hiyo ndege. Naogopa nikija huko nitakufa huko, mniweke kwenye boksi."

Pua ikaondoka. Uso wa binti ukarudi, na haukuwa na kicheko tena.

"Maawe," akasema. "Ungesema hivyo tangu mwanzo. Tungemwacha mbwa alale."

Sikuwa na mbwa wa kumsingizia tena. Nikamwuliza kama picha ya pasipoti inapigwa na kitambaa kichwani au bila kitambaa.